Nilivyomsamehe Ghailani

Wafungwa walipotoboa ukuta wa jela na kutawanyika, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakamua mbuzi. Nikasikia kelele upande wa sokoni, kisha mtu akapita mbio huku anacheka: "Wametoka! Wametoka wote!" Nikaacha maziwa, nikaacha mbuzi, nikaacha na ushungi. Mwanamke wa mji wetu wa Kufa anayejiheshimu hakimbii njiani kichwa wazi, lakini siku ile nilikimbia hivyo hivyo, kisu cha nyama mkononi, nikilitaja jina la mwanamume mmoja mpaka sauti ikanikauka.

Sikuwa namtaja kwa mapenzi. Ghailani ndiye aliyemuua mume wangu, na kwa miaka yote ile nilikuwa namtunza kama watu wanavyomtunza kondoo wa Idi. Angetoroka yeye, mimi ningebaki na nini?

Jela yetu ya wakati huo ilikuwa kichekesho. Amiri aliijenga kwa matete ya mto Furati, matete yale yale tuliyojengea vibanda vyetu, akamweka mlangoni mlinzi mmoja wa Kiajemi aitwaye Zadani, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata kuku. Watu wa Kufa hawajawahi kuridhika na Amiri yeyote waliyeletewa, na jela ile iliwapa la kucheka msimu mzima. Nilimkuta Zadani ameketi chini, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Mama Jundab, nimekwisha. Nitamwambia nini Amiri?"

"Wangu yuko wapi?"

"Wako?" Akanionyesha kwa kidevu. "Wako yumo ndani. Nimembembeleza mwenyewe: toka basi na wewe, nilie mara moja tu. Amekataa."

Nikaingia. Tundu la ukutani lilikuwa kubwa kuliko mlango, na Ghailani alikuwa ameketi kando yake, jua limemwangukia miguuni, anasoma kwa sauti ya chini aya alizojifunza humo humo ndani. Aliponiona akakitazama kisu, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hukukimbia?" nikamuuliza.

"Niende wapi na damu hii, Mama Jundab? Namngoja mwanao akue. Mtu akilipa hapa duniani, kule haulizwi tena. Mpe maziwa kwa wingi."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, na furaha ile siionei haya. Mtu wangu alikuwepo, mzima, mahali pake. Ni baadaye, nilipokuwa nazunguka kwa majirani kumtafuta mbuzi, ndipo neno lake lilipoanza kuniwasha. Kule haulizwi tena. Nilimpata mbuzi, nikampiga bila kosa.

Mume wangu aliitwa Numeri. Tulitoka naye kusini pamoja na jeshi, nami nikiwa bi harusi niliyepanda ngamia mwenye kigugumizi cha miguu, na mji ulipopimwa kila kabila likapewa kipande chake. Numeri alikuwa mtu wa maneno mengi. Alibishana na waashi, na wauza samli, na imamu pia. Jirani yetu Ghailani alipigana bega kwa bega naye dhidi ya Waajemi, wakalala hema moja, wakala sahani moja. Na walichogombania mwisho wake kilikuwa mfereji wa maji ya mvua: upite kwake au upite kwetu. Ujinga mtupu. Mimi mwenyewe niliwaambia ni ujinga, nikawacheka, nikaenda zangu kumnyonyesha mtoto.

Numeri alikuwa ameinama anachimba. Ghailani akaja kwa nyuma na mkuki. Nilipofika, mume wangu alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mfereji wake mwenyewe, na tulipomgeuza kinywa kilikuwa kimejaa tope. Hakupata hata kuitamka shahada. Mtu aliyezungumza maisha yake yote, na la mwisho akanyimwa. Nililitoa tope lile kwa kidole changu, na tangu siku ile sijawahi kuchukia kwa nusu.

Ghailani hakukana. Aliutupa mkuki, akaketi, akangoja kufungwa. Amiri akampeleka mpanda farasi Madina kwa Khalifa kuuliza, kwa maana wenye damu tulikuwa wawili tu, mimi na Jundab, na Jundab alikuwa hajaota meno. Jibu likarudi: kisasi ni haki ya wenye damu, na mtoto ana haki yake kama mkubwa. Muuaji afungwe mpaka mtoto apate akili, kisha waulizwe wote wawili. Wakitaka upanga, watapewa. Mmoja wao akisamehe, hata kama mwenzake hataki, upanga unarudi alani.

Watu walisema Khalifa amenionea, amenipa kungoja kurefu. Mimi niliona amenipa kazi.

Jamaa zake Ghailani walikuja mlangoni na ngamia wa fidia, weupe, wamepambwa shanga. Nikawaambia, "Ngamia wazuri. Yupi kati yao anajua kubishana na imamu?" Wakarudi mara ya pili, ya tatu, kisha wakashikwa na aibu, wakajiunga na jeshi linalokwenda mashariki, familia nzima. Hawakumwachia Ghailani hata blanketi.

Ndipo Zadani akanijia. "Mama, mimi si mtu wa kuingilia ya watu. Lakini mfungwa hapa hula anacholetewa na watu wake, na yule hana watu. Wenzake wanamgawia makombo. Atakufa."

"Si vizuri?"

"Kama wewe unaona vizuri, basi."

Nikawaza. Akifa kwa njaa, atakuwa amekufa kifo chake mwenyewe, na haki yangu itazikwa pamoja naye. Nikakanda unga wa shayiri, nikaoka mkate, nikaweka na tende juu, nikaupeleka mwenyewe. Ghailani aliutazama mkate ule kwa muda kabla hajaugusa.

"Una sumu?"

"Ningekuwa nataka ufe, nisingekuletea chakula. Nataka uishi mpaka nikwambie ufe. Kula."

Akala. Nikawa napeleka kila siku, mvua na jua. Na hapo ndipo balaa la jina langu lilipoanzia, maana watu wa Kufa wanapenda kuona jambo nusu na kulimaliza wenyewe. "Mtazameni Mama Jundab," wakasema kisimani. "Anamlisha aliyemuua mumewe. Moyo gani huo!" Wake zao wakaanza kuniamkia kwanza. Nilinyamaza. Ukiwaeleza watu wa Kufa kitu, wanakurudishia kimepinda zaidi.

Homa ya tauni ilipopita, ikiwabeba wazee na watoto, ilimkamata na yeye. Nilikaa jela kumuuguza, nikampangusa jasho, nikamfungua meno kwa kijiko cha mti nimnyweshe maji ya shubiri. "Hufi leo," nilikuwa nikimnong'oneza. "Meza. Meza, mbwa wewe, hujaruhusiwa." Akapona. Wakaanza kuniletea wagonjwa wao niwaombee dua.

Jundab nilimlea kwa jambo moja. Watoto wengine waliimbiwa. Wangu alielezwa tope. Alijua rangi yake, alijua lilivyokuwa chini ya kucha zangu. Alikua mrefu, mkimya, tofauti kabisa na baba yake, na kila Amiri mpya aliyekuja, maana walikuwa wakibadilishwa kama tunavyobadilisha mikeka, aliniita kunishawishi. "Mama, mtu mwenyewe ametubu. Mama, anaisoma Kurani mpaka walinzi wanalia." Mmoja aliniambia, "Mama, wewe ndiye unayemlisha. Kwa nini humalizi wema wako?" Nikamjibu, "Naumaliza, Amiri. Ngoja mtoto aote ndevu."

Ndevu zikaota. Amiri wa wakati huo, mtu mfupi mwenye haraka, akapanga jambo hilo lifanyike uwanjani, mbele ya msikiti, baada ya sala ya Ijumaa.

Sijapata kuona watu wengi vile hata siku za kugawiwa posho. Nilisimama na Jundab, naye ameshika upanga wa baba yake, niliomnolea asubuhi ile kwa mkono wangu. Kisha wakamleta Ghailani, na watu wakaanza kulia.

Nilidhani wanatulilia sisi. Walikuwa wanamlilia yeye. Alikuja ameoga, amevaa nguo nyeupe aliyopewa na wazee wa msikiti, ndevu zimetiwa mafuta, ananukia miski mpaka nilipokuwa nimesimama. Wanawake walinyosha mikono kuigusa kanzu yake. Mzee mmoja alimbusu kichwani, akamwambia, "Leo utafuturu peponi, ndugu yangu." Na Ghailani alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayerudi nyumbani baada ya safari ndefu, amekwisha kuyaona mapaa ya mji wao.

Akapiga magoti. Akatawadha kwa maji aliyoletewa kwenye birika la shaba, taratibu, kila kidole. Akasoma shahada, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, sauti nzuri isiyotetemeka. Halafu akamwinulia Jundab macho.

"Piga vizuri, mwanangu. Mkono usilegee."

Mwanangu. Nikayaona maji yale yanavyochuruzika vidoleni mwake, nikamkumbuka Numeri wangu, ambaye hakuna aliyemletea birika, ambaye hakuna aliyemngoja amalize neno. Huyu alikuwa amejiandaa. Nilimlisha miaka yote ile, nikamuuguza, nikamlelea na mchinjaji wake, na sasa mimi na mwanangu tulikuwa tunataka kumsafisha kwa mikono yetu, kumfunga safi kama zawadi na kumpeleka mbele ya Mungu. Kule haulizwi tena. Basi nani ataulizwa juu ya tope?

Amiri akauliza kwa sauti kuu, "Enyi wenye damu, mnataka nini?"

"Damu," akasema Jundab. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mwanamume. Ndiyo mara ya kwanza niliyoisikia hivyo.

"Na wewe, mama?"

"Nimemsamehe," nikasema.

Uwanja mzima ukalipuka kwa takbiri, watu wakakumbatiana, Zadani akajitupa chini kusujudu. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Ghailani alibaki pale pale magotini, na lile tabasamu lilikuwa linamwondoka usoni kidogo kidogo. Alielewa. Katika mji ule wote wenye wanazuoni na wasomaji na waliomwona Mtume kwa macho yao, ni yeye peke yake aliyeelewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku tamu kuliko zote nilizopewa. Utamu wenyewe haukufika jioni.

Jundab aliuweka upanga chini, akaenda nyumbani bila kunisubiri. Nilimkuta anafunga mzigo. Nikamweleza yote, maana yeye alistahili kuelezwa: birika, miski, tabasamu, na kwamba kumwacha hai ndiko kumuua kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe umelipiza," akasema.

"Nimelipiza, mwanangu. Zaidi ya upanga."

"Na mimi je? Umenilisha tope tangu nina meno mawili, mama. Umelipiza cha kwako. Cha kwangu nikakitafute wapi?"

Aliondoka na jeshi lililokwenda Khorasani, mbali mashariki. Kabla hajaondoka watu wa Amiri walimletea ngamia wa fidia, fungu lake yeye ambaye hakusamehe, akawaacha wazurure sokoni mpaka wakawa wa kila mtu. Wasafiri wanaotoka huko hunipa habari zake: ameoa, ana watoto, mmoja wao anaitwa Numeri. Salamu huwapelekea majirani. Mimi hanipelekei.

Ghailani alibaki Kufa. Alijaribu kuishi kama mtu aliyesamehewa na hakuweza. Walimwomba asalishe katika mtaa wao, akasimama mbele, akaanza kusoma, akakatika katikati ya aya na kuondoka bila viatu. Masika yalipokuja alichukua jembe akawa anawachimbia watu mifereji ya mvua, bure, mtaa hadi mtaa, mpaka mgongo wake ukapinda. Alijaribu kuchimba na mbele ya nyumba yangu. Nilimmwagia maji machafu.

Kila Idi alikuja mlangoni, akasimama nje.

"Mama Jundab, twende kwa Amiri, useme ulikosea."

"Damu ikishasamehewa hairudi. Sheria si yangu. Ulitaka niifanyie nini?"

"Basi niambie umenisamehe kweli."

"Nilisema mbele ya mji mzima. Ulikuwa kiziwi?"

"Nilisikia ulimi."

"Amiri aliuuliza ulimi. Idi njema, Ghailani. Ukitaka mkate, upo."

Na mkate aliuchukua, maskini, akaenda kuula peke yake nyuma ya msikiti. Majirani waliokuwa wakituona hivyo, yeye ameinamisha kichwa na mimi nampa mkate, walipangusa machozi. Wasichana saba wa mtaa wetu wanaitwa Raita, jina langu mwenyewe, kwa ajili yangu. Maamiri wamekwenda wengine wamekuja, Khalifa mmoja ameuawa, wengine wakapigana wenyewe kwa wenyewe, damu imemwagika Kufa kuliko maji, na kila mara mhubiri akitaka kuwatuliza watu mimbarini hunitaja mimi. "Mbona mama yule aliweza?" Nimekaa nyuma ya pazia la wanawake nikimsikiliza, nikiuma meno.

Mwaka huu, mwanzo wa baridi, Mahini binti wa Zadani alikuja mbio. Baba yake alikwisha kufa, naye ndiye aliyekuwa akimuuguza Ghailani katika kibanda alichoachiwa na baba yake.

"Bibi, anakata roho. Anakuomba uje. Anasema useme neno moja tu, wewe unalijua."

"Anaongea?"

"Anaongea, lakini kidogo."

"Anasikia?"

"Anasikia, bibi."

"Kimbia mbele. Mwambie nakuja."

Nilikuwa nalo neno langu, na silo alilolitaka. Nilikuwa nimelihifadhi miaka mingi kwa ajili ya saa ile: nitainama, niweke kinywa sikioni mwake, nimwambie polepole ili asipoteze hata silabi, kwamba sikumsamehe, sikumsamehe siku ile wala siku yoyote, na kwamba kule mbele nitasimama nimshike kanzu na niombe aulizwe. Nilitaka aondoke na hilo kinywani, kama Numeri alivyoondoka na tope. Nikachukua fimbo yangu, nikatoka.

Lakini nani anatembea Kufa na jina kama langu? Kwenye pembe ya kwanza muuza samli aliacha mizani akanishika mkono, "Mama wa huruma, niombee, mke wangu ana uchungu tangu asubuhi." Nikamwombea. Hatua chache mbele vijana wawili walikuwa wamekunjana kanzu, watu wakapiga kelele, "Huyo Mama Jundab anapita! Hamna haya?" Wakaachana, wakaja kunibusu mikono, ikabidi niwapatanishe. Mwanamke mmoja akanipa mtoto wake mchanga nimpake mate kichwani. Nikasema nina haraka, naenda kwa Ghailani anakufa, na hapo ndipo nilipokosea, maana walilia wote, wakanizunguka, wakataka kunisindikiza, na umati haujui kwenda haraka. Nilisukuma kwa fimbo. Walidhani nimezidiwa na huzuni.

Tulipokaribia kibanda nikasikia sauti za wanawake zimeanza.

Mahini alinipokea mlangoni, akaniangukia shingoni. "Bibi, umemponya. Nilipomwambia unakuja, alicheka. Akasema, 'Anakuja? Basi amenisamehe.' Nikamwambia ngoja yuko njiani. Akasema haina haja, ametosheka. Akaisoma shahada yote, bibi, vizuri, mpaka mwisho, akafumba macho mwenyewe."

Nilimtazama. Uso wa siku ile ya uwanjani ulikuwa umemrudia, na ndevu zimetiwa mafuta.

Kwa kuwa hakuwa na ndugu, waliniweka mbele, kwenye mkeka wa wafiwa. Nikalia, kwa hasira tupu, kwa sauti ambayo sikumlilia nayo hata Numeri, na watu walisogea mmoja mmoja kunipa mkono. Bibi mmoja ambaye simjui, kutoka mtaa mwingine, aliketi karibu yangu akanipangusa uso kwa pindo la ushungi wake.

"Mungu atujaalie sote moyo kama wako," akasema.

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema amina.